Mbona simulizi za dhiki huruka siku za kusubiri?

Wakuu, nasoma sana visa vya watu walionusurika, ila tukifika penye ugumu mwandishi anaandika "miezi ikapita", mara mtu kaokoka. Mimi niko bila kazi, na hiyo miezi ndiyo ninayoitaka! Saa nne asubuhi mtu alikuwa anafanya nini?

Jibu: Tafuta msafara wa Shackleton, yule mvumbuzi wa nchi za barafu. Meli yake, Endurance, ilizama kwenye barafu ya Antaktiki mwaka 1915. Alipokwenda kutafuta msaada aliacha watu 22 kisiwani Elephant, wakaishi miezi minne na ushee chini ya mashua mbili zilizopinduliwa. Frank Wild, aliyeachiwa uongozi, alikuwa akiwaamsha na kuwaambia wafunge virago, bosi huenda akaja leo. Wote waliokolewa Agosti 30, 1916.

Jibu: Usisahau banjo, ala ya nyuzi kama gitaa, ya Hussey, mmoja wa wale 22. Walipoiacha meli waliamriwa kutupa karibu kila kitu, lakini Shackleton mwenyewe akasisitiza ibebwe. Mkubwa yule alijua watu.

Muulizaji: Kufunga virago bila safari! Hapo umenipata, mkuu. Kuna aliyeandika shajara?

Jibu: Orde-Lees, naye mmoja wa wale 22. Mlalamishi kwelikweli, anza naye.