Mikanda ya mgongo kwa wanaoshusha saruji: inasaidia kweli?

mtunza_stoo
Wakuu, habari za kazi. Vijana wanaoshusha saruji stoo kwetu, mifuko ya kilo 50, wanalalamika viuno. Bosi anataka kuwanunulia mikanda ya mgongo, ile mipana yenye kamba za mabegani. Inazuia kuumia, au hela inapotea?

usalama_kazini
Mkuu, hela hiyo ipelekeni kwingine. NIOSH, taasisi ya utafiti wa afya kazini ya Marekani, iliwafuatilia wabeba bidhaa wa maduka mapya 160. Matokeo yalitoka mwaka 2000: waliovaa mkanda kila siku hawakupungukiwa na maumivu ya kiuno wala madai ya fidia kuliko wasiovaa.

Mkanda haupunguzi kilo. Kinachoubana uti wa mgongo ni uzito pamoja na umbali wa mzigo kutoka mwilini. Kwa kanuni ya NIOSH, kila kitu kikiwa sawa na mzigo uko sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu, kikomo ni kilo 23. Ukisogea hadi sentimita 50, kinashuka hadi kilo 11.5. Mfuko wenu umeshapita mara mbili kabla mtu hajainama.

kuli_bandarini
Naongezea. Aliyevaa hujiona ana nguvu za ziada, anataka kubeba miwili. Akiukaza mno, presha ya damu inapanda.

Lori lirudi nyuma mpaka mlangoni. Wawili walio juu wausogeze mfuko hadi ukingo wa bodi, mbebaji aupokee begani akiwa wima. Asiinue chochote kutoka chini peke yake. Ndani tumieni toroli ya magurudumu mawili, mifuko mitatu kwa safari, na upepo wa matairi ukaguliwe asubuhi. Tairi likilegea, kiuno cha msukumaji ndicho kinacholipa. Pangeni juu ya paleti, safu zisizidi 10. Na wakigeuka wageuze miguu: kuinama huku umejisokota ndiko kunakoharibu diski, vile visahani laini kati ya pingili za uti wa mgongo.

mtunza_stoo
Aliyekwisha kuanza kuumwa je, avae?

usalama_kazini
Mtaalamu wa fiziotherapia akimwandikia, avae kwa muda aliopewa. Ila asirudishwe kwenye mifuko eti kwa kuwa kavaa. Maumivu au ganzi ikishuka mguuni, akapimwe. Mkojo ukigoma, au ganzi ikishika mapajani kwa ndani na sehemu za siri, hospitali saa hiyo hiyo, msingoje kesho.