Muhula mmoja wa kilimo ikolojia Costa Rica: unamfaa mwanafunzi anayetoka Kondoa?

Kijana_wa_Korongo aliuliza:

Shikamooni wakubwa, nanyi wenzangu habari za masomo. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, na sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya kilimo hapa Morogoro. Nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja nchini Costa Rica, katika programu ya ikolojia na kilimo cha kurejesha uhai wa udongo. Ufadhili unatosha ada na nusu ya nauli; nusu iliyobaki itatoka kwa baba, ambaye itambidi auze ng'ombe wawili.

Kwetu habari ya kuponya ardhi si ngeni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tunaouita HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limeliwa na makorongo. Nyasi na miti vilirudi. Mwaka 1989 ufugaji ukaruhusiwa tena, lakini kwa ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani tu, na hadi leo wazee hubishana kama kuondoa mifugo ndiyo ilikuwa njia pekee. Ninachouliza ni hiki: nchi inayosifika kwa mvua na misitu ya kijani itanifundisha nini kuhusu ardhi kavu yenye ng'ombe?

Dada_Mboji alijibu:

Marahaba mdogo wangu. Nilisoma huko miaka minne, katika Chuo cha EARTH kilichopo Guácimo, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1990, na wasiwasi wako una msingi. Guácimo hupata mvua inayozidi milimita 3,000 kwa mwaka, nawe unatoka mahali ambapo milimita 600 ni neema. Ukikaa upande huo wa nchi muhula mzima, utajifunza mengi kuhusu migomba, mifereji ya kutoa maji shambani na kahawa chini ya miti ya kivuli, kisha utarudi Kondoa ukijiuliza uanzie wapi.

Lakini Costa Rica ina upande wa pili. Jimbo la Guanacaste, kaskazini-magharibi, hukauka kuanzia Desemba hadi Aprili, na huko ndiko kuna jambo ambalo ningekuwa wewe ningelifuata kwa miguu. Malisho ya eneo hilo yalikuwa yametawaliwa na nyasi ndefu inayoitwa kitaalamu Hyparrhenia rufa, ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika; wafugaji waliipeleka kwa ajili ya ng'ombe, ikashika nchi, na kila kiangazi ikawa kuni ya moto uliomaliza miche ya miti. Katikati ya miaka ya 1980 wanaikolojia Daniel Janzen na Winnie Hallwachs walianza kazi ya kurudisha msitu mkavu kuzunguka Hifadhi ya Santa Rosa. Walizuia moto kwanza. Kisha, badala ya kufukuza ng'ombe wote, mahali pengine waliwaacha kwa muda wapunguze nyasi ili moto ukose chakula, huku mbegu zikiletwa na upepo, ndege na wanyama. Miti ilipoanza kufunika nyasi kwa kivuli, kazi ya ng'ombe ikawa imekwisha.

Unaona, basi, kwamba Kondoa na Guanacaste waliulizwa swali moja wakajibu kinyume, na kila mmoja alikuwa na sababu: kwenu adui alikuwa kwato juu ya udongo ulio uchi, kwao alikuwa moto juu ya nyasi zilizozidi. Mwanafunzi aliyeona makorongo tangu utotoni ataisoma tofauti hiyo vizuri kuliko mimi niliyekulia migombani Bukoba. Omba muhula unaoanza Januari, uulize kama utapata angalau wiki sita Guanacaste, na uanze Kihispania leo, kwa sababu wakulima hawatakusimulia mambo yao kwa Kiingereza.

Mzee_wa_Ngoro alijibu:

Marahaba kijana wangu. Sikukatazi, ila nina neno. Huku Mbinga tunalima ngoro kwenye miteremko mikali: nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi zile, na shimo linalobaki hushika maji ya mvua. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walitoka Japani wakaja kuichunguza wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro, na mwanangu mwenyewe, mhitimu wa kilimo, aliisoma kwanza kwenye karatasi zao. Kabla ya kupanda ndege, tumia likizo moja na wazee wa Kondoa uandike walichokiona mwaka 1979, kwa maana huko ughaibuni utaulizwa.

Mratibu_Mstaafu alijibu:

Mimi niongeze la ofisini tu. Pata barua, yenye sahihi, inayosema ni masomo yapi ya huko yatahesabiwa krediti kwenye shahada yako, na uipate kabla ya kuondoka. Nimeona kijana akirudi na alama nzuri kutoka nje kisha akarudia mwaka mzima kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo.

Kijana_wa_Korongo alijibu:

Ninawashukuru sana. Nimeshawaandikia waratibu wa programu kuhusu Guanacaste, na likizo hii nitaanza na babu, ambaye mwaka ule alikuwa mchungaji wa ng'ombe za ukoo. Baba naye amesoma majibu yenu yote. Amesema atauza dume mmoja kwanza, na wa pili atabaki zizini mpaka aione hiyo barua ya krediti.