Stoo ya V&A East au Young V&A: watoto niwapeleke wapi London?

BabaKijenge
Habari za jioni wakuu. Juni tunaruka kutoka KIA kwenda London kumsalimia dada yangu, mimi, mama watoto na watoto. Ratiba ya ndugu imeshajaa, iliyobaki ni siku moja ya makumbusho. Nimekwama kati ya mbili: V&A East Storehouse, ile stoo ya makumbusho ya Victoria and Albert (V&A) ambayo wananchi wanaruhusiwa kuingia na kuzunguka, na Young V&A ya watoto. Zote kiingilio ni bure. Aliyefika naomba aniambie ipi inafaa.

Sakina_Juu
Watoto wangapi, wa umri gani? Na dada yako anakaa upande upi? Bila hayo utapewa majibu ya kubahatisha tu.

MtotoWaPasua
Mkuu nenda Storehouse, usijiulize mara mbili. Mimi naishi huku na nimeshaingia. Ilifunguliwa Mei 2025 ndani ya jengo lililotumiwa na waandishi wa habari wakati wa Olimpiki ya 2012, kule Hackney Wick. Kuna vitu zaidi ya 250,000. Unapanda ngazi, unatokea katikati ya ukumbi, ukigeuka huku ni mashelfu, ukigeuka kule ni mashelfu, juu na chini. Kiti kimekaa jirani na sanamu, sanamu jirani na ngoma, vingine bado viko juu ya paleti na kikaratasi cha namba kinaning'inia. Sehemu moja sakafu ni kioo, unatazama chini ya miguu yako unaona nguzo za marumaru zilizotoka Agra, India. Kuna dari zima la mbao la karne ya 15 kutoka Hispania, na kipande cha ghorofa la kupanga la London kilichokatwa kabla jengo halijabomolewa. Mtoto anayependa kuuliza maswali hatataka kutoka.

MamaWawili_Njiro
Anayependa kuuliza, sawa. Na asiyependa je? Mimi niliwapeleka wangu kwenye stoo ya namna hiyo nchi nyingine ya Ulaya, jina la jumba naliacha. Kule mnaingia kwa kikundi, na milango inafunguka kwa kadi ya kiongozi peke yake. Mabegi na makoti yote tuliyaacha chini, na ndani kuna ubaridi maana wanalinda vitu visiharibike. Tumefika katikati, mdogo akasema mama nataka chooni. Nikamwambia kiongozi, akajibu tusubiri kikundi kimalize chumba kile, hawezi kuwaacha wengine peke yao. Alikuwa anaeleza habari za fremu za picha, anaeleza kwa kirefu, na mimi nimembeba mtoto anajikunja. Hakuweza kujizuia. Nguo za kubadili ziko kwenye begi, begi liko chini, na kadi anayo yeye. Watu wanatutazama. Mwanangu alilia mpaka tunatoka, na hadi leo ukimtajia makumbusho anakataa. Kwa hiyo usiniambie kila mtoto atafurahi.

MtotoWaPasua
Pole sana mama. Ila Storehouse hakuna kikundi wala kiongozi wa kukushika, unatembea mwenyewe na kutoka unapotaka, huhitaji hata tiketi. Usiihukumu kwa kosa la wengine.

BabaKijenge
Samahani kwa kuchelewa. Watoto ni watatu: 11, 8 na 4. Dada anakaa Stratford.

Sakina_Juu
Sasa tunaongea. Stratford na Hackney Wick ni pua na mdomo, na Bethnal Green ilipo Young V&A si mbali pia. Kwa wa miaka 4, mimi ni Young V&A. Ilifunguliwa upya Julai 2023 baada ya ukarabati na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya makumbusho bora Uingereza. Mtoto anashika, anajenga, anakimbia. Kwenye stoo kazi yako itakuwa "usiguse" kutwa nzima.

MtotoWaPasua
Basi mgawane. Mama na mdogo Bethnal Green, wewe na wakubwa stoo. Na kuna huduma moja nzuri mno: mnachagua kwenye mtandao vitu hadi vitano, mnaweka miadi angalau wiki mbili kabla, mkifika mnaletewa mezani mvitazame kwa karibu. Huyo wa 11 mwachie achague mwenyewe.

Mwl_OldMoshi
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi nina neno juu ya hizi stoo. Sisi wa Old Moshi tunajua stoo ya makumbusho inaweza kuhifadhi nini. Mangi Meli, mtawala wetu Wachagga, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na wajukuu wamelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vya Berlin viliyahusisha mafuvu matatu na familia zilizo hai hapa Tanzania, moja likiwa la Akida, mshauri wa Mangi. Lilikuwa limewekwa namba, kwenye shelfu. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuambiwa hayo, na akiingia kwenye stoo yoyote aulize: hiki kilifikaje hapa, na nani alikubali?

Dereva_Mstaafu
Mwalimu, heshima yako, lakini mtu anakwenda likizo. Mwache awape watoto raha.

Mwl_OldMoshi
Kuuliza hakuondoi raha. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, ilibebwa vichwani na mabegani na watu wetu kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, mpaka pwani. Mmoja amesimamishwa Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Ni mtoto gani atachoka na hadithi hiyo?

Sakina_Juu
Hapo nakubaliana na mwalimu kabisa. Na kwa nini tusianzie nyumbani? BabaKijenge, wanao wameshaingia Boma la Mjerumani, makumbusho yetu ya Arusha, hapo juu ya Boma Road?

BabaKijenge
Mkubwa aliingia na shule. Wengine bado.

Dereva_Mstaafu
Wapeleke bonde la Oldupai, Ngorongoro, wakaone kwanza fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu.

MamaWawili_Njiro
Zinj halisi yuko Makumbusho ya Taifa, Dar. Oldupai ndipo Mary Leakey alipompata, 17 Julai 1959. Pale mtaona nakala, na nakala ya nyayo za kale za Laetoli. Nyayo zenyewe zimefukiwa ili zisiharibike.

Dereva_Mstaafu
Nakala au halisi, bonde lenyewe ni halisi. Ukisimama pale juu na mtoto ukamwonyesha ile miamba tabaka kwa tabaka, anaelewa.

MtotoWaPasua
Jamani, mtu ameuliza London.

Sakina_Juu
Tumemsikia. Dereva, kwa familia kama tatu hivi tukichangia Coaster ya kwenda Oldupai Jumamosi na kurudi, inawezekana?

Dereva_Mstaafu
Inawezekana, ila muondoke Arusha alfajiri, na mlango wa Loduare wa kuingilia Ngorongoro mfike mapema kabla magari ya watalii hayajajipanga. Vitambulisho vya watu wazima visisahaulike, mtalipa kiingilio cha Mtanzania. Niandikie pembeni nikupe hesabu ya mafuta.