Mkondo kwenye oksaidi ya zinki hauteremki baada ya taa kuzimwa: tatizo ni nini?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nina utando mwembamba wa oksaidi ya zinki juu ya kipande cha kioo. Nikiumulika kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365, mkondo wa umeme hupanda kwa kasi. Nikiizima, hushuka kidogo kisha hujikokota, na saa nzima baadaye bado haujafika ulipoanzia. Taa nyekundu haibadilishi chochote. Je, utando wangu ni mbovu?

Jibu la kwanza
Si mbovu. Pengo la nishati la oksaidi hiyo, yaani nishati ambayo elektroni huhitaji ili iwe huru kupitisha umeme, ni takriban elektronivolti 3.3, kwa hiyo mwanga mwekundu hauna nguvu ya kulivuka, ilhali wa nanomita 365 unalivuka kwa shida. Ama huko kujikokota, chanzo chake ni hewa. Gizani, molekuli za oksijeni hunata usoni mwa utando, na kila moja hupokonya elektroni ikawa ioni hasi, hivyo tabaka la juu hupungukiwa elektroni na ukinzani huwa mkubwa. Mwanga huzalisha jozi za elektroni na matundu, yaani nafasi ambazo elektroni zimeziacha. Tundu, kwa kuwa lina chaji chanya, huvutwa hadi kwenye ioni ile na kuibatilisha chaji yake, oksijeni ikabanduka, na elektroni iliyosalia ikakosa tundu la kurudia. Taa ikizimwa, elektroni hiyo hungoja oksijeni nyingine inate, na kadiri zinavyonata ndivyo chaji yao inavyozifukuza elektroni zinazofuata.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila nisingeitwika oksijeni mzigo wote, kwa sababu kasoro ndani ya fuwele nazo zinaweza kuudumisha mkondo. Rudia kipimo ndani ya naitrojeni kavu, kisha uingize hewa. Andika pia kiwango cha unyevu, maana mvuke wa maji hugombea nafasi zilezile usoni. Usisafishe kwa spiriti karibu na kifaa: mvuke wake humenyuka na oksijeni iliyonata na kurudisha elektroni, jambo linaloonekana zaidi utando ukiwa na joto. Kwa utando wa oksaidi hiyohiyo uliopashwa moto, Seiyama na wenzake nchini Japani walitambua gesi mwaka 1962.

Muulizaji
Ahsanteni. Ndani ya naitrojeni mkondo uliganda juu karibu kabisa; nilipofungua mfuniko, sindano ya mita ilianza kuteremka nikiitazama. Chupa ya spiriti, nakiri, ilikuwa wazi mezani siku zote hizo.