Naomba ushauri: dramu za mgeni zinachelewa baada ya kasi kubadilika

Wadau, tuko Kisumu tukitayarisha albamu ya kwanza ya mpiga gitaa wa roki ya progresivu. Mpiga dramu mgeni yuko Nakuru, anarekodi kwake na kututumia faili.

Wimbo mmoja wa 7/8 (noti saba za robo-nusu kila baa) unashuka kasi polepole kutoka mapigo 132 kwa dakika hadi 120, ndani ya baa 8. Tulimpa ramani ya kasi, yaani orodha ya kasi ya kila sehemu ya wimbo, kwa faili ya MIDI (inayobeba maagizo ya muziki, si sauti). Baada ya mteremko huo dramu zimechelewa zaidi ya nusu sekunde, na pengo haliongezeki tena. Kwa hivyo si suala la 44.1 na 48 kHz, yaani faili kurekodiwa kwa kiwango kimoja cha sampuli na kuchezwa kwa kingine. Hapo hata sauti ingepanda au kushuka. Nashuku programu ya kurekodi ya mpiga dramu iliruka moja kwa moja hadi 120.

Arudie baa hizo akifuata kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) tuliyoirekodi kama faili ya sauti ya WAV, au tuzivute, yaani tubadilishe urefu wa rekodi kwa kompyuta? Maikrofoni ni 8, na zisipovutwa pamoja fezi (ulinganifu wa mawimbi ya sauti kati ya maikrofoni) inavurugika, kiki (dramu kubwa ya mguu) inakuwa nyembamba. Matoazi nayo hayapendi kuvutwa kabisa.

Pia, nyatiti (kinubi cha Waluo) ya mgeni wa Siaya haikai kwenye A ya 440 Hz, kipimo cha kawaida cha kufunga ala. Ningependelea gitaa liifuate, maana nyuzi 8 za nyatiti zimefungwa kulingana na sauti ya mwimbaji. Lakini besi na kinanda vimesharekodiwa. Mngefanyaje?