Mnashikilia nini bahari inapopanda?

Ndugu zangu, mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilipofuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, Kenya, nililia kwa furaha. Lakini sasa bamvua, yale maji makuu ya bahari, limeng'oa minazi ya babu yangu, mizizi iko nje, na moyo unachoka. Wenzangu mnashikilia nini?

— Mwanangu, Mtume alituusia kwamba Kiyama kikisimama nawe una mche mkononi, upande ukiweza. Hakutuahidi kivuli chake. Baada ya alfajiri, maji yakipwa, mimi hushuka matopeni na mbegu za mkoko.

— Shikamoo, mzee. Naongeza tu kwamba kibali kile kilifutwa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, nao wakasimama kudai haki. Kudai huko nakuhesabu ibada.

— Ahsanteni. Mzee, miche yangu ilioza. Wewe huchomeka kina gani?