Nyavu kwenye kioo cha duka la nguo Mwanza: ni sanaa au msanii kapigwa?

Mtoto wa Igogo (mtoa mada)
Wakuu mwadila. Juzi natokea roundabout ya samaki nakatiza mjini, nikakuta watu wamejazana mbele ya duka moja la nguo, nikajua mwizi kapatikana. Kumbe wanaangalia kioo. Ndani kuna midoli mitatu, mmoja kavalishwa gauni la njano kaning'inizwa katikati ya nyavu kama sato aliyenasa, nyavu yenyewe inang'aa kama glasi, maboya ni ndala zilizokatwa duara, na chini kuna magugumaji yamekaushwa yakasukwa kama mkeka. Pembeni kibao kidogo cha bei ya gauni, 185,000. Jina la aliyetengeneza kitu chote kile hakuna. Nikamuuliza dada wa mlangoni akasema "kuna kijana wa Nyegezi huwa anachorachora".
Sasa swali, ile ni sanaa au ni tangazo? Na kama ni sanaa mbona gauni lina bei na mwenye kazi hana hata jina? Duka silitaji maana sitaki kesi.

Nyasho Boy
weka picha

Mtoto wa Igogo
Simu yangu kamera imepasuka mkuu, nenda kaone.

Nyasho Boy
nitoke Musoma kuja kuangalia mdoli?

Bwana Mbagala
Mwanza na mambo ya vioo wapi na wapi, watu mnavaa mitumba ya Mlango Mmoja halafu mnajadili sanaa. Hayo tuachieni Dar.

Mama Pacha
Wewe Mbagala tukuheshimu lakini usituzoee. Kwanza hiyo Mlango Mmoja unayoidharau nenda asubuhi wakati wanafungua marobota uone kijana anavyopanga mashati, kuanzia meupe, yanakuja ya krimu, ya bluu, mpaka meusi, akimaliza unatamani kununua ukuta mzima. Hajasomea popote. Huyo ndo msanii wa kioo, tofauti ni kwamba yeye hana kioo, ana turubai. Pili Dar wenyewe mmejaa wasukuma.

Bwana Mbagala
Wasukuma walikuja Dar kutafuta vioo hahaha

Kaka Capri
Turudi kwenye mada jamani. Hii ya wasanii kupamba madirisha ya maduka ya mitindo siyo mpya na siyo ya kishamba. Andy Warhol, yule mchoraji wa Marekani, kabla hajawa Andy Warhol mnayemjua alikuwa mchora viatu vya matangazo, na 1961 michoro yake ilisimamishwa kwenye dirisha la duka la nguo New York, nyuma ya midoli iliyovaa magauni. Watu walipita wakaangalia magauni. Leo michoro ya aina ile inagombaniwa na makumbusho. Kwa hiyo huyo kijana wa Nyegezi asidharauliwe, dirisha linaweza kuwa mlango.

Ngosha Original
"dirisha linaweza kuwa mlango" sentensi hii imetoka Capri Point kwa matajiri kabisa, imenawa mikono.

Kaka Capri
Ukikosa hoja unashika mtaa wa mtu. Sawa.

Dada Wa Kirumba
Mlango wa kwenda wapi kaka angu? Hao hao wanakwambia njoo utupambie utajulikana, watu watakuona. Mimi nachora, nilishafanyia duka moja la viatu, siku nne napanda ngazi nashuka, gundi imeniunguza vidole, mwisho nikaambiwa chagua pea mbili uondoke. Pea mbili! Namba yangu walikuwa na arobaini tu. Kujulikana sijajulikana, mpaka leo anayenijua ni mama ntilie aliyenikopesha wali siku zile nne.

Mzee wa Bukumbi
Wajukuu samahani nauliza. Mtoa mada amesema nyavu inang'aa kama glasi. Hiyo ni nyavu gani?

Mtoto wa Igogo
Shikamoo mzee. Mimi sio mvuvi, nimeona nyavu ya kuvulia sato tu, nyeupe nyeupe, inang'aa.

Mzee wa Bukumbi
Marahaba. Nyavu ya sawasawa ni ya uzi, ukiitizama imefifia kama nguo ya jikoni. Ukiona inang'aa hiyo ni timba, ile nyavu ya plastiki. Na timba imekatazwa ziwani. Sasa mtu ananyang'anywa timba huku majini, na mjini inawekewa taa. Nauliza tu.

Ngosha Original
Duh. Mzee kaua.

Nyasho Boy
hapo sasa ndo mjadala umeanza

Kaka Capri
Mzee kwa heshima zote, hilo halihusiani na swali. Msanii anaweza kutumia malighafi yoyote kutoa ujumbe. Pengine ujumbe wenyewe ndo huo, kwamba mitindo inatunasa.

Mtumbwi Mbili
Halihusiani?? Wewe unajua timba inafanya nini? Samaki haioni kabisa majini, inakamata mpaka kifaranga, ikikatika inabaki chini inaendelea kuua yenyewe miaka haiozi. Sisi 2018 kipindi cha zile operesheni za uvuvi haramu baba yangu nyavu zake zilichomwa mchana kweupe mwaloni, na katika lile rundo zilikuwemo za halali, tulimwambia yule bwana hii ya uzi hii, pima, hakupima. Baba hakurudi ziwani tena, akawa anauza chipsi. Leo unaniambia mdoli akivaa hiyo ni ujumbe. Ujumbe gani, kwamba ukiwa mdoli hukamatwi?

Mama Pacha
Pole sana mdogo wangu.

Bwana Mbagala
Aisee pole. Hapa sina utani.

Kaka Capri
Pole, sikumaanisha hivyo. Nimesema kuhusu sanaa kwa ujumla.

Mtumbwi Mbili
Sanaa kwa ujumla ndo inayotuumiza. Nyie mkiona nyavu mnaona urembo, sisi tunaona ada ya shule.

Fundi Vioo
Naomba niingie hapa maana watu watapigania kitu ambacho hakipo. Mimi nimefanya kazi ya kupanga vioo vya maduka miaka tisa, Dar na hapa. Nimekipita hicho kioo jana, kile kinachong'aa SIYO nyavu. Nyavu iko nyuma, ya uzi, ya zamani, imeshonwa viraka. Kinachong'aa ni mshipi wa kuvulia, ndo tunaotundikia vitu ili vionekane vinaelea, kila fundi wa vioo duniani anatumia mshipi au kitu cha namna hiyo. Kijana ameshusha mishipi kama sitini toka juu na taa ya spoti inapiga kwa ubavu, ndo maana mtoa mada kaona glasi. Kazi ya pale ni taa tu. Kioo cha duka mchana jua likipiga kinageuka kioo cha kujitazamia, watu wanachana nywele hawaoni hata nguo, kwa hiyo lazima ndani kuwe na mwanga wa kushindana na nje. Selfridge kule London alipofungua duka lake 1909 aliacha taa za madirisha zinawaka usiku wakati duka limefungwa, watu wakawa wanatembea usiku kuangalia. Hapa kwetu saa kumi na mbili mwenye duka anazima ili kuokoa luku, halafu anauliza mbona kioo hakileti wateja.
Na nyie wa gauni, hilo kioo linaangalia magharibi. Wiki tatu hizo bega la kushoto litakuwa limepauka. Njano haina mjadala na jua.

Mzee wa Bukumbi
Fundi ahsante. Lakini timba na mshipi ni mtu na mdogo wake. Mshipi ukiufuma ni timba.

Fundi Vioo
Mzee haujafumwa. Unaning'inia.

Mzee wa Bukumbi
Leo unaning'inia.

Ngosha Original
hahahaha mzee hakubali

Dada Wa Kirumba
Kwa hiyo mtu ametundika mishipi sitini mmoja mmoja kwa mkono na bado hamjajadili kalipwa shilingi ngapi. Mmejadili nyavu kurasa mbili.

Bwana Mbagala
Kuna Picasso kule Paris waliwahi kumharibia kioo chake akavunja duka zima. Kijana afanye hivyo hivyo, atajulikana.

Kaka Capri
Siyo Picasso na siyo Paris. Ni Salvador Dalí, mchoraji wa Hispania, New York, Machi 1939, duka la Bonwit Teller, ndo hilo hilo la Warhol baadaye. Walimpa madirisha mawili, moja Mchana jingine Usiku. La Mchana akaweka bafu la kuogea limebandikwa manyoya ya kondoo kwa ndani na mdoli wa zamani. Wateja wakalalamika, duka likabadilisha kimyakimya, jioni anapita akakuta midoli ya kawaida imesimama. Akaingia kulivuta lile bafu, likamponyoka likatoka na kioo mpaka barabarani. Polisi wakambeba. Hakimu hakumfunga, na maonyesho yake yaliyofunguliwa siku chache baadaye yakajaa watu.

Ngosha Original
Sasa hapo umeongea kaka. Tungeanzia hapa.

Mama Pacha
Mkivunja kioo Mwanza hakuna hakimu wa kukuachia, mwenye duka atakukata makofi kabla polisi hawajafika na baadae utalipa kioo na gauni.

Dada Wa Kirumba
Ila nyote mnatoa mifano ya watu waliokuja kuwa matajiri. Kuna na wale wachoraji wawili wa Marekani, Jasper Johns na Robert Rauschenberg, walikuwa wanapamba madirisha ya duka la vito la Tiffany miaka ya hamsini wakitumia jina la bandia, Matson Jones, ili wasichanganyiwe na kazi zao za kweli. Yaani wao walificha jina kwa hiari. Huyu wa Nyegezi kafichwa. Hapo ndo tofauti iko, mtoa mada ulikuwa unauliza hilo, au nimekosea?

Mtoto wa Igogo
Hujakosea dada, nilishasahau kama niliuliza.

Mwanasheria wa Mtaani
Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa msanii haki ya kutajwa kwenye kazi yake, iwe kwenye ukuta au kwenye kioo cha duka. Kulipwa ni mkataba wenu, jina ni haki yake. Mwambieni awaone COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Nyasho Boy
aende COSOTA na mdoli begani?

Bwana Mbagala
Lakini tuwe wakweli, duka ni la mtu, kioo cha mtu, gauni la mtu. Kijana kapewa pesa kapamba kaondoka. Fundi rangi akipaka nyumba yako anaandika jina mlangoni?

Dada Wa Kirumba
Fundi rangi watu hawajazani mbele ya ukuta wake. Yule bibi wa Japani wa madoa, Yayoi Kusama, 2023 Louis Vuitton waliweka roboti yake kwenye dirisha la New York inachora madoa, na jina lake likawa kila mahali mpaka kwenye mikoba. Unadhani walimpa kwa huruma? Jina ndo lilikuwa linauza mikoba. Sisi huku jina letu ndo la kwanza kukatwa ili bei ishuke.

Bwana Mbagala
Kusama ana miaka tisini na zaidi, kijana asubiri hahaha

Dada Wa Kirumba
Na wewe subiri hapo hapo Mbagala.

Kijana wa Luchelele
Wakuu mimi namfahamu jamaa, tunakaa mtaa mmoja. Alilipwa laki na nusu, vifaa juu yake. Nyavu alipewa na mjomba wake, ni ya makila, ya uzi, mzee wa Bukumbi tulia. Ndala aliokota ufukweni, alizikata kwa kisu cha mkate usiku kucha, mimi nilimshikia tochi. Jina alitaka kuweka kibao kidogo, mwenye duka akasema kitaziba bei. Kitaziba bei! Jamaa hakubisha maana alikuwa anataka kioo cha Krismasi pia.

Mtumbwi Mbili
Mjomba wake yuko mwalo gani?

Kijana wa Luchelele
Sijui mkuu, upande wa Sengerema nadhani.

Mtumbwi Mbili
Mwambie nyavu za makila zenye viraka hazitupwi, zinauzika. Na mwambie kazi yake nitaenda kuiona. Nilikasirika.

Kaka Capri
Hilo limenigusa.

Ngosha Original
Kaka Capri kila kitu kinakugusa

Mama Pacha
Mimi nitakwenda kuangalia mshono wa gauni, 185,000 kwa gauni bila bitana labda niwe mdoli.

(siku kumi na mbili baadaye)

Mtoto wa Igogo
Mrejesho. Nimepita leo asubuhi, wameondoa kila kitu. Kioo kimebandikwa karatasi nyekundu PUNGUZO PUNGUZO. Gauni la njano lipo mlangoni limeshuka mpaka 120,000, bega la kushoto limepauka, Fundi nakuvulia kofia.

Fundi Vioo
Sikuwa mganga. Ni jua.

Dada Wa Kirumba
Na jina hawakuweka?

Mtoto wa Igogo
Hapana. Nilimuuliza dada wa mlangoni, sasa hivi anasema aliyefanya ni "wale vijana".

Dada Wa Kirumba
Wameongezeka.

Mzee wa Bukumbi
Na nyavu iko wapi?

Mtoto wa Igogo
Ilikuwa nyuma ya duka kwenye maboksi mzee, na ile mishipi yote imeviringishwa pamoja. Mlinzi kaibeba, anasema anazungushia banda la kuku kwake Buzuruga.

Mzee wa Bukumbi
Nyavu sawa. Ile mishipi aiondoe, kuku watanasa miguu.